Zeeka, Zeesha, Jizeesha: Lugha ya Wauza Ujana

Wahenga walinena kuwa ngozi ivute ili maji. Waliizungumzia ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi, ile inayowambwa kwenye ngoma, nao walikusudia kumwasa mzazi amrudi mwanawe angali mdogo. Hawakupata kuwaza kwamba ingefika siku methali hiyo iwafae wauzaji wa mafuta ya kujipaka. Biashara ya urembo ya siku hizi imesimama juu ya wazo lilo hilo: iwahi ngozi yako kabla haijakauka, na kuiwahi huko kuna bei.

Kwa muda mrefu chupa hizo zilijinadi kwa maneno ya jikoni na bustanini: asali, maziwa, tango, mshubiri. Yakafuata maneno ya maabara, vitamini na kolajeni na mengineyo. Sasa limebisha hodi neno jipya, epijenetiki. Mwaka 2024 kampuni ya Beiersdorf ya Hamburg, Ujerumani, hiyo hiyo inayotengeneza Nivea ambayo hata watoto wetu wanaijua, ilileta sokoni seramu ya Eucerin yenye neno hilo ndani ya jina lake. Sambamba na bidhaa za namna hii kumezuka vipimo. Mtu hutuma mate au tone la damu, au hunasa seli za uso kwa utepe wenye gundi, akajibiwa kwamba ijapokuwa cheti cha kuzaliwa kinasema ana miaka 38, ngozi yake ina miaka 44. Kisha hupendekezewa mafuta yaliyochanganywa, eti, kwa ajili yake yeye peke yake.

Mimi si tabibu wa ngozi. Kazi yangu ni lugha, na ni kwa mlango wa lugha nimeingia katika jambo hili. Walimu wa Kiswahili katika shule zetu hufundisha sajili ya matangazo ya biashara katika somo la isimujamii, na mwanafunzi hodari anaweza kuorodhesha sifa zake: chuku, takriri, lugha ya kushawishi, sentensi fupi fupi. Lakini sajili hii niisemayo imevaa joho la sajili nyingine, ile ya sayansi, na mwanafunzi hawezi kuivua joho hilo iwapo hana habari ya sayansi yenyewe. Nionavyo mimi, sayansi hiyo ni ya kweli, na tena ni ya kustaajabisha. Ila katika safari yake kutoka maabara hadi kwenye chupa hubadilishwa sarufi, na katika mabadiliko hayo ya sarufi ndimo mnunuzi anamopotelea.

Tuanze na neno lenyewe. Kiambishi epi ni cha Kigiriki, nacho kina maana ya juu ya kitu. Aliyelitia neno epijenetiki katika matumizi ya kisasa ni mwanabayolojia Mwingereza Conrad Waddington, mwaka 1942, wakati ambapo hakuna aliyejua jeni imeundwa kwa kitu gani. Leo twajua. Karibu kila seli ya mwili wa binadamu imebeba DNA ile ile, mfuatano wa herufi zipatazo bilioni 3 katika alfabeti ya herufi 4 tu, na ndani ya mfuatano huo mna jeni 20,000 hivi zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Swali linalozuka ni hili: ikiwa seli ya jicho, ya ini na ya ngozi zina maandishi yale yale, mbona haziwi kitu kimoja?

Mswahili anaweza kulijibu swali hilo kwa neno moja alilolizoea. Tazama neno barabara. Ukitia shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho umepata njia ya magari. Ukiisogeza kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho umepata kielezi chenye maana ya sawasawa. Herufi hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika kimekaa juu ya herufi, nacho hakiandikwi. Mfano ulio karibu zaidi nauona katika miswada ya zamani ya pwani yetu iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Wale walioisoma chuoni wanaikumbuka sukuni, kile kiduara kidogo kinachowekwa juu ya konsonanti kuonyesha kuwa haifuatwi na irabu. Konsonanti ipo pale pale, lakini imetulizwa. Katika DNA kazi kama hiyo hufanywa na kikundi cha methili, yaani atomi moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, kinachojibandika juu ya herufi C, aghalabu pale inapofuatwa na herufi G. Mahali pa namna hiyo katika maandishi ya binadamu ni kama milioni 28. Methili zikirundikana penye mwanzo wa jeni, aghalabu jeni hiyo hunyamaza. Hazipo peke yake. Kuna pia protini ambazo DNA imejizungusha kama uzi kwenye kibiringo, na jinsi uzi unavyokazwa au kulegezwa huamua kipi kisomeke. Kwa makala haya methili zatosha.

Naomba nitahadharishe papo hapo kwamba mfano huu wa maandishi una kilema chake. Katika seli hakuna mwandishi wala msomaji, wala hakuna maana kwa jinsi sisi wanaisimu tunavyoielewa maana. Kuna kemia tu. Tunasema jeni husomwa kama tusemavyo jua huchwa.

Nguvu ya alama hizi inaonekana vyema kwa nyuki. Malkia na mfanyakazi wanaweza kuwa na jeni za namna moja. Kinachowatenganisha ni chakula walichopewa wangali mabuu. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walikidhoofisha kimeng'enya kinachobandika methili ndani ya mabuu wa nyuki, na wengi wa mabuu hao wakatokea malkia ingawa hawakulelewa kimalkia. Kwa binadamu ushahidi ulio dhahiri hutoka kwa pacha wanaofanana. Utafiti uliofanywa Uhispania na kuchapishwa mwaka 2005 uliwapima jozi 40 za pacha wa namna hiyo, wa umri kuanzia miaka 3 hadi 74. Alama za pacha wadogo zilikaribiana mno. Za pacha waliozeeka, hasa walioishi mbali mbali na kwa desturi tofauti, zilikuwa zimeachana. Maandishi yamebaki yale yale, shadda zimehama.

Sasa tuje kwenye ngozi, ambayo ndiyo ukuta wetu wa nje na ndiyo inayopigwa na dunia kabla ya kiungo kingine chochote. Katika mambo yanayoizeesha ngozi kutoka nje, jua ndilo kubwa. Jarida la udaktari la New England lilichapisha mwaka 2012 picha ya dereva wa lori la Marekani, mzee wa miaka 69, aliyekuwa ameendesha magari ya kupeleka bidhaa kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mtu wa makamo. Upande wa kushoto ulikuwa na makunyanzi mazito na mifereji, kana kwamba ni baba yake. Sababu ni kwamba huko dereva huketi kushoto, dirisha likawa begani mwake wa kushoto, na kioo cha dirisha huzuia sehemu moja ya miale ya urujuanimno lakini huipitisha sehemu nyingine, ile inayozama ndani zaidi ya ngozi na kuzikata nyuzi za kolajeni. Hapa kwetu lingekuwa shavu la kulia. Mwanamume yule alikuwa na jeni zile zile pande zote mbili za pua.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Marekani walilinganisha ngozi inayopigwa na jua na ngozi inayofichwa na nguo. Katika tabaka la juu la ngozi ya wazee iliyopigwa na jua waligundua maeneo mapana ya DNA yaliyopoteza methili zake, na baadhi ya maeneo hayo yalilingana na yale yanayoharibika katika saratani. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Steve Horvath wa Los Angeles alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ukizitazama sehemu 353 tu kati ya zile milioni 28, unaweza kukisia umri wa mtu kwa tofauti ya miaka michache. Mwaka 2018 yeye na wenzake wakatoa saa nyingine iliyolenga ngozi na damu, yenye sehemu 391. Ndipo wafanyabiashara walipoinua masikio.

Hebu sasa tuichunguze sarufi. Sentensi ya mwanasayansi husema: alama hizi hubadilika pamoja na umri. Neno kuu ni pamoja na. Sentensi ya tangazo husema: alama hizi huleta uzee, na ukizirekebisha utarudi ujanani. Pamoja na imegeuka huleta. Kihusishi kimefanywa kitenzi. Fikiria mvi. Mvi huja pamoja na umri, na mtu anaweza kukisia umri wa mwenziwe kwa kutazama mvi zake. Lakini anayezipaka piko hajapunguza hata siku moja ya maisha aliyokwisha kuishi. Je, methili ni kama mvi, au ni mojawapo ya sababu zenyewe za kuzeeka? Yumkini baadhi ni hili na baadhi ni lile, na wanasayansi wangali wanabishana. Chupa haibishani.

Sikatai kwamba alama zinaweza kurudishwa nyuma. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Babraham, karibu na Cambridge nchini Uingereza, walizichukua seli za ngozi za watu wa makamo na kuziwekea kwa siku 13 vile vichocheo 4 ambavyo Shinya Yamanaka wa Japani alipata kwavyo tuzo ya Nobel mwaka 2012. Kwa kipimo cha saa za epijenetiki seli hizo zilirudi nyuma miaka 30 hivi, na zikaanza tena kutoa kolajeni kama za vijana. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini zilikuwa seli ndani ya sahani ya maabara, si shavu la mtu, na vichocheo hivyo vikizidishiwa muda huifanya seli isahau kuwa ni seli ya ngozi. Umbali ulioko baina ya sahani ile na kopo la krimu ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa na yule anayesoma kichwa cha habari peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vipimo hulipitia haraka haraka. Mfuatano wa herufi za DNA unaweza kuusoma popote mwilini, kwa kuwa ni ule ule: mate yako yatatoa habari za jeni zako sawa na ngozi yako. Alama za juu hazipo hivyo. Ndizo hasa zinazoitofautisha seli ya ngozi na seli ya damu! Basi anayekisia hali ya ngozi ya paji la uso kwa kupima mate anafanana na mtu anayechunguza lafudhi ya Kiamu kwa kuwasikiliza watu wa Vanga. Lugha ni moja, ndiyo, na atapata mengi ya jumla. Lakini lile alilolifuata hatalipata.

Mfano wa jinsi sarufi hii ilivyowahi kufikishwa mbele ya sheria upo. Lancôme, chapa ya kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa, iliuza Marekani kuanzia mwaka 2009 mafuta yaitwayo Génifique. Matangazo yake yalidai kwamba huchangamsha kazi za jeni na kuamsha utengenezaji wa protini za ujana, na kwamba matokeo yangeonekana kwa siku 7. Chupa iliweza kufika dola 132. Septemba 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliandika barua ya onyo. Mantiki yake inamfurahisha mwanaisimu, kwa kuwa imekaa juu ya maana ya maneno. Kwa sheria yao ya mwaka 1938 kipodozi ni kitu cha kusafisha, kupamba au kubadilisha sura. Kitu kinachokusudiwa kubadilisha umbo au utendaji wa mwili ni dawa, na dawa sharti ithibitishwe kabla ya kuuzwa. Ukisema mafuta yako yanachangamsha jeni, umejiita mtengeneza dawa kwa kinywa chako mwenyewe. Mwaka 2014 Tume ya Shirikisho ya Biashara nayo ilisema madai hayo hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Kampuni ilikubali kuyaacha, pasipo kukiri kosa.

Tangu hapo lugha imekuwa na adabu zaidi, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kuitambua. Linganisha sentensi mbili: hupunguza makunyanzi, na hupunguza mwonekano wa makunyanzi. Msomaji wa kawaida huzisoma kama sentensi moja. Mwanasheria haoni hivyo. Katika ya pili yambwa imebadilishwa: kinachopunguzwa si kunyanzi tena bali jinsi linavyoonekana, na jambo hilo hata maji na mafuta ya nazi yanaweza kulifanya kwa saa kadhaa, maana ngozi iliyolowana huvimba kidogo na mikunjo midogo ikajaa. Kiswahili, kwa bahati mbaya, kinawapa wauzaji silaha ya ziada, nacho ni kiambishi hu- cha mazoea. Sema krimu hii hulainisha ngozi. Kiambishi hiki hakipokei nafsi wala hakitaji wakati mahususi. Imelainisha ngozi ya nani? Lini? Watu wangapi kati ya wangapi? Li- na me- zingemlazimisha msemaji ataje tukio. Hu- inamwacha huru. Mwalimu anayetafuta zoezi la darasa la kidato cha tatu na awaambie wanafunzi wake waibadilishe kila hu- iliyo kwenye tangazo iwe li-, kisha wajaribu kujaza mtenda, idadi na siku. Watashangaa nafasi zitakazobaki wazi.

Sasa nije kwenye neno yako, ambalo ndilo linalobeba biashara yote ya vipodozi vya mtu mmoja mmoja. Ngozi yako, jeni zako, mafuta yako. Kipimo hakiwezi kukujua wewe ila kwa kukulinganisha na wengine waliopimwa kabla yako, na swali la haki ni: wengine hao ni kina nani? Wengi ni watu wenye asili ya Ulaya. Kigezo maarufu cha aina za ngozi, alichokitunga Thomas Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975, kilianza na aina 4 zote za watu weupe, ili madaktari wajue kiasi cha mwale wa kutibia. Sisi wengine tuliongezwa baadaye, kwa aina mbili tu mwishoni. Yaani Mturkana, Mkamba, Mgiriama na Msomali wanaweza kuingizwa katika chumba kimoja au viwili. Ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ulioongozwa na Sarah Tishkoff wa Pennsylvania na kuwapima watu wapatao 1,570 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulionyesha kuwa rangi za ngozi za Waafrika zinatofautiana mno, na kwamba baadhi ya jeni za weupe na za weusi zilikuwapo barani humu kabla binadamu wa kisasa hajatokea.

Tena ngozi nyeusi huzeeka kwa namna yake. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kuwa tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya jua ya takriban 13, ile nyeupe 3 na ushei. Melanini hiyo huchelewesha makunyanzi, lakini uzee hujitokeza kwa mabaka na rangi isiyolingana. Kifaa kilichofunzwa kuhesabu makunyanzi kitamwambia mwanamke wa Kisumu kuwa yu kijana, na kitayapuuza mabaka yanayomkera. Kisha mabaka hayo hayo humpeleka kwa muuzaji mwingine, yule wa krimu za kung'arisha. Lugha yetu haikuficha kitu kuhusu krimu hizo: ikaita kujichubua, kwa kitenzi kile kile cha goti lililokwaruzwa na lami. Hidrokwinoni na zebaki zilizomo katika baadhi yake zimepigwa marufuku na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa hapa nchini, nazo hazikosi kuonekana vibandani. Zebaki huharibu figo. Namwogopa zaidi muuzaji huyu kuliko yule wa seramu ya Ujerumani. Lakini wote wawili hula sahani moja, kwa kuwa wote huanza kwa kumwambia mtu kwamba uso wake una kosa.

Hapo ndipo nilipokusudia kufika. Kitenzi zeeka ni cha ajabu kidogo. Kimeishia na -ka, kama vunjika inavyoishia, na hakitaji mtenda. Mtu huzeeka kama siku inavyokwisha; hakuna wa kulaumiwa. Epijenetiki ilipokuja ilitufundisha kwa haki kabisa kwamba kuna vitu vinavyotuzeesha: jua, tumbaku, moshi. Kauli ya kutendesha imeingia, pamoja na mtenda. Lakini tangazo haliishii hapo. Husema jeni zako si hatima yako, uzee wako u mikononi mwako, chagua. Ukiichanganua kauli hiyo utaona kitenzi kimeongezwa -ji-: mtu sasa anajizeesha. Mtenda na mtendwa wamekuwa mmoja, naye ni mnunuzi.

Nenda katika soko la Gikomba saa saba mchana umtazame mama anayepanga nyanya zake juu ya gunia. Amekuwa juani tangu alfajiri, na moshi wa matatu unampitia usoni. Mtazame kijana wa bodaboda, mchuma chai wa Kericho, mwalimu wa zamu aliyesimama uwanjani wakati wa gwaride. Hawa hawakuchagua jua. Alama zilizomo katika ngozi zao, kama zingepimwa, zingekuwa rekodi ya kazi yao. Kumwambia mama yule kwamba anajizeesha, na kwamba dawa iko katika chupa inayopita mapato yake ya mwezi, ni tusi lililofunikwa kwa istilahi. Angefaidika zaidi na paa la soko.

Na ikiwa kuna anayeuliza ni kitu gani basi kilichothibitishwa, jibu ni la kuchosha. Mjini Nambour, katika jimbo la Queensland, Australia, kuanzia mwaka 1992 hadi 1996, watu waligawanywa kwa kura: kundi moja lipake mafuta ya kukinga jua kila siku, jingine lipake likipenda. Watafiti walichukua chapa ya ngozi ya mgongo wa mkono mwanzoni na mwishoni, wakazilinganisha. Matokeo ya watu 903 yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya miaka minne na nusu kundi la kila siku lilikuwa limezeeka ngozi kwa asilimia 24 chini ya lile jingine. Mafuta yale yalikuwa ya kinga ya 15 tu. Watu hao wengi wao ni weupe, na sitadai kwamba faida ingekuwa ile ile kwetu. Lakini hakuna aliyehitaji kupima mate yao. Kofia pana na kivuli cha mwarobaini havina hati miliki, na huenda ndiyo sababu hatuvioni katika matangazo.

Niongeze neno moja juu ya mate hayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za jeni kuwa ni nyeti. Machi 2025 kampuni ya 23andMe ya Marekani, iliyokuwa imekusanya mate ya watu milioni 15 hivi, iliomba ulinzi wa mahakama ya wafilisi, na hazina ile ikawa miongoni mwa mali za kuuzwa. Mwanafunzi anayeshawishiwa kutuma kichupa ng'ambo ili aambiwe umri wa shavu lake na aulize kwanza kichupa kitalala wapi.

Wapo kati yetu watu ambao kwao mafuta ya jua hayana uhusiano wowote na ulimbwende. Mtu mwenye ualbino ana melanini chache mno, na katika nchi za ikweta saratani ya ngozi huweza kumfika angali kijana. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwagawia mafuta hayo bure kupitia hospitali. Ng'ambo ya mpaka, mjini Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianzisha utengenezaji wa mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino na hali ya hewa wanamoishi. Waliyabuni kwa kwenda vijijini na kuwauliza wenyewe wanafanya kazi gani, wanatoka saa ngapi, na wanayapaka vipi.